Jinsi ya Kuandika Jirani Anayeogopwa na Watoto Katika Riwaya: Mwongozo Kamili kwa Hadithi ya Mtaa wa Dodoma

Watoto wa mtaa mmoja, nyumba yenye dirisha lisilofunguliwa, na ndani yake mtu ambaye hakuna anayemjua sawasawa. Waandishi chipukizi wanaipenda sana hadithi hii, na wengi wanaikosea palepale. Sura ya kwanza huwa tamu. Ikifika ya tano, jirani ameshakuwa mchawi kweli na riwaya imegeuka ya vitisho. Au anasubiri sura ya mwisho, anatokea kama malaika, anaokoa mtoto kwenye korongo la mafuriko, anakufa, na watoto wanalia makaburini. Mwandishi wa kwanza amekubaliana na uvumi. Wa pili amemuua jirani ili asilazimike kumfahamu.

Mwongozo huu unamfuata jirani mmoja wa mfano tangu mwanzo hadi mwisho. Ni mama mzee wa pembezoni mwa jiji la Dodoma, upande wa Ntyuka au Mkonze, ambako nyumba za bati zinapungua na mibuyu inaanza. Hatoki nje mpaka jua lizame, ndiyo maana watoto wanamwita Bibi Magharibi.

## Vitu unavyohitaji

- Kaunta buku moja ya kwaya mbili, kwa ajili ya mkasa huu peke yake.
- Karatasi moja ya manila ya kuchorea ramani.
- Kalamu za rangi tatu: bluu kwa kinachoonekana, nyekundu kwa kinachosemwa, nyeusi kwa kilicho kweli.
- Jioni nne za kusikiliza watoto wakicheza, bombani au uwanjani.
- Mtu mmoja anayeijua kazi au hali ya jirani wako. Kwa mfano huu ni muuguzi wa macho.
- Wiki tano kabla ya kuandika ukurasa wa kwanza. Ukiruka maandalizi haya utayafanya baadaye, kwa kufuta sura nzimanzima.

Onyo kuhusu jioni nne. Waarifu wazazi na mwambie balozi wa nyumba kumi unachokifanya. Usiandike mbele ya watoto. Sikiliza, rudi nyumbani, kisha andika usiku huohuo. Mtu mzima asiyejulikana, aliyekaa na daftari akitazama watoto, ataanza kuvumishiwa mambo kabla ya Ijumaa.

## Hatua ya 1: Amua ukweli wa jirani kabla ya uvumi wowote

Wengi huanza na uvumi kwa sababu ndio wenye raha. Halafu hufika katikati ya riwaya wakatafuta ukweli wa kuubandika, na ukweli uliobandikwa hujulikana. Anza na ukweli.

Ukweli mzuri una sifa moja inayopimika: peke yake unaeleza tabia za ajabu zisizopungua nne. Ujane unaeleza kwa nini mtu anaishi peke yake, lakini hauelezi kwa nini hatoki mchana. Ukishindwa kufikisha nne, tafuta ukweli mwingine.

Bibi Magharibi ana trakoma, ambayo wengi huiita vikope. Haikuchaguliwa kwa bahati. Ni ugonjwa wa maeneo makavu yenye shida ya maji, na mkoani humohumo Dodoma iko wilaya ya Kongwa, ambako umekuwa ukifanyiwa utafiti tangu miaka ya 1980. Unaletwa na bakteria. Husambaa kwa vidole, kwa kitambaa kimoja kinachofuta nyuso za watoto watatu, na kwa nzi wanaotua machoni penye tongotongo. Mtu akiambukizwa tena na tena utotoni, ngozi ya ndani ya kope hupata makovu. Miaka inapita, kovu linavuta, kope inajikunja, na nywele zake zinaelekea ndani. Kila anapopepesa, nywele zinakwaruza kioo cha jicho.

Hebu kaa na jambo hilo kidogo. Kila anapopepesa! Machozi hayakauki, macho ni mekundu, na mwanga wa mchana wa Dodoma, unaorudishwa na vumbi jeupe na mabati, unachoma. Watu wenye hali hii huzing'oa nywele za kope kwa kibano, moja moja, na baada ya wiki chache zinaota tena. Wanawake wanaumia zaidi kwa sababu wao ndio wanaokaa na watoto wenye maambukizi. Bibi huyu aliyapata macho hayo akilea, na sasa watoto wanamkimbia kwa sababu ya macho hayohayo.

Ukichagua ukweli mwingine, uchimbe kwa kina hichohicho. Ukichagua mtu aliyewahi kutibiwa Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili ya Dodoma, kumbuka kwamba watoto hulitaja jina la hospitali ile kama tusi. Mhusika mtoto anaweza kulitaja hivyo, lakini riwaya yenyewe isikubaliane naye.

Onyo. Usimponye haraka. Upasuaji wa kope ni mfupi, hufanywa kwa ganzi ya eneo dogo, na unazuia nywele zisiendelee kukwaruza. Hauwezi kurudisha uoni ulioshapotea kwa makovu ya kioo cha jicho. Mwandishi anayempeleka bibi hospitali Jumatatu na kumfanya asome gazeti Alhamisi amemdhalilisha msomaji mwenye mama wa namna hiyo.

Umefanikiwa ukiweza kuandika siku nzima ya jirani, saa kwa saa, bila kumtaja mtoto hata mmoja.

## Hatua ya 2: Chora mtaa, kisha pima kwa hatua

Hofu ya watoto hutokana na kuona nusunusu, na nusu hiyo inaamuliwa na umbali, urefu na mwanga. Chora kwenye manila njia ya kwenda bombani, duka, uwanja wa chandimu, nyumba ya bibi, mbuyu wake na ua wake. Andika umbali kwa hatua za mtoto.

Kwa mfano wetu: kutoka njiani hadi dirishani ni hatua 40. Kwa umbali huo mtoto anaona mkono ukipanda usoni na kitu kinang'aa. Haoni ni kitu gani. Ukimsogeza hadi hatua 10, uvumi wote unakufa, kwa hiyo sehemu hiyo ya ramani ihifadhi kwa ajili ya Hatua ya 6.

Ua ni wa minyaa, umemzidi mtoto wa miaka minane kimo, kwa hiyo anachungulia kwenye nafasi zilizo kati ya mashina. Andika pembeni ya ramani: *minyaa ikivunjika hutoa utomvu mweupe, na utomvu huo ukiingia jichoni huunguza vibaya.* Usiutumie bado. Uweke tu, na katika sura ya pili mama mmoja amkaripie mtoto anayevunja vijiti vya ua.

Dodoma jua huzama kati ya saa 12:30 na saa 1:00 jioni mwaka mzima, na giza huingia ndani ya dakika kama 20. Hizo dakika 20 ndizo za Bibi Magharibi kutoka, na ndizo hizohizo watoto wanaitwa nyumbani. Ndiyo maana wanamwona kila siku wakiwa wanakimbia.

Chagua pia mwaka na mwezi, usivichanganye. Kiangazi ni Mei hadi Novemba, ubuyu umekauka mtini na upepo unavuma. Riwaya ya mwaka 1988 haina bodaboda wala simu ya mkononi. Uvumi unasafiri kwa miguu, na mwendo wake lazima ulingane na hilo.

## Hatua ya 3: Jaza jedwali la safu tatu

Hapa ndipo mkasa unapojengwa. Usiharakishe, toa wiki nzima. Kila mstari una kinachoonekana, kinachosemwa, na kilicho kweli.

Mstari wa 1. Kinachoonekana: hatoki mchana. Kinachosemwa: jua likimpiga anageuka fisi. Kilicho kweli: mwanga unamuumiza.

Mstari wa 2. Kinachoonekana: macho mekundu yanayotoka machozi. Kinachosemwa: analala makaburini, mchanga wa kaburi umemwingia. Kilicho kweli: nywele za kope, na moshi wa kuni juu yake.

Mstari wa 3. Kinachoonekana: anakaa kwenye upenyo wa dirisha, ana kitu cha chuma, anavuta usoni. Kinachosemwa: anajing'oa jicho, analiosha, analirudisha. Kilicho kweli: kibano.

Mstari wa 4. Kinachoonekana: haitikii shikamoo. Kinachosemwa: ukimwamkia anakuchukua sauti. Kilicho kweli: haoni ni nani anayemwamkia, na mara mbili salamu ilifuatiwa na jiwe.

Utazame vizuri mstari wa nne. Kwetu mtoto akimpa mkubwa shikamoo na asipate marahaba, kuna kitu kimevunjika, naye anakihisi kabla hajakielewa. Hakuna popo wala paka mweusi atakayekupa hofu ya namna hiyo. Na ukweli wake unawarudia watoto wenyewe, kwa sababu waliorusha jiwe ni wao.

Kanuni ya jedwali ni moja: safu ya tatu isilete kitu ambacho safu ya kwanza haikuwa nacho. Ukijikuta unaandika "kumbe alikuwa na mtoto aliyepotea Tanga miaka thelathini iliyopita", na hakuna alama yoyote ya huyo mtoto kwenye safu ya kwanza, futa. Msomaji anapaswa kurudi sura ya kwanza akute kila kitu kilikuwa mbele ya macho yake.

Mistari saba inatosha kwa riwaya ya maneno 60,000. Mitatu tu ndiyo ibebe mkasa. Iliyobaki ni ya kupita njiani.

## Hatua ya 4: Kila uvumi uwe na mdomo wake

Miswada mingi hufia hapa. Mwandishi anaandika: "Watoto waliamini kwamba bibi yule alikuwa na nguvu za giza." Hiyo ni taarifa ya habari. Watoto hawasemi nguvu za giza. Watoto wanabishana kuhusu kibakuli:

"Mimi nimemwona. Anashika jicho hivi, analivuta, linatoka."

"Lote?"

"Lote. Haki ya Mungu. Analiweka kwenye kibakuli."

"Kibakuli gani?"

"Cha bati. Chenye maua."

Yule mdogo akanyamaza. Kwao kulikuwa na kibakuli cha bati chenye maua, na ndicho alichonywea uji asubuhi.

Angalia kinachofanyika. Aliyeuliza "kibakuli gani" alikuwa anatilia shaka, na shaka yake ndiyo iliyomlazimisha mwenzake atunge maua. Maua ndiyo yaliyofanya uongo uaminike. Uvumi wa watoto hukua kwa maswali ya wasioamini, kwa hiyo katika kila kundi weka mtoto mmoja mbishi.

Andika kwenye kaunta buku nani alimwambia nani, na kila mmoja aongeze kitu kimoja tu. Mkubwa huongeza ushahidi ("kaka yangu alikuwepo"), wa kati huongeza idadi ("macho matatu"), mdogo huongeza kitu cha nyumbani kwao. Aliyehamia juzi kutoka mkoa mwingine huleta uvumi wa alikotoka na kuubandika hapo.

Usiwasahau watu wazima. Mama anayesema "nyamaza, nitamwita Bibi Magharibi akuchukue" amefanya kazi kubwa kuliko watoto wote. Hadithi za mumiani na wanyonya damu hawakuzianzisha watoto. Walizisikia kwa wakubwa.

Onyo, na hili lichukuliwe kwa uzito wote. Katika nchi yetu vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu tu, macho yaliyoharibiwa na moshi na maradhi. Na Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi wilayani Chamwino, hapahapa mkoani Dodoma, watafiti wawili wa kilimo waliokuwa wakichukua sampuli za udongo waliuawa pamoja na dereva wao, kwa uvumi kwamba ni wanyonya damu. Msomaji wako wa Dodoma anajua hayo. Ukiandika uvumi kama mchezo mtupu, atahisi kwamba hujui unachokishika. Watoto wacheke, ndiyo. Riwaya ijue kwamba maneno yaleyale, yakifika kwenye midomo ya watu wazima wenye fimbo, ni kitu kingine.

Umefanikiwa ikiwa unaweza kuziba majina ya wasemaji na bado ukajua ni mtoto gani anaongea.

## Hatua ya 5: Panga ngazi ya ujasiri

Watoto wakiogopa kitu hawakai mbali nacho. Wanakisogelea kidogokidogo, wakitegeana. Panga majaribio matano, kila moja likipunguza zile hatua 40:

1. Kupita upande wake wa njia bila kukimbia.
2. Kuokota ubuyu ulioangukia nje ya ua.
3. Kumpa shikamoo kutokea njiani.
4. Kufuata mpira wa makaratasi ulioingia uani.
5. Kuchungulia dirishani.

Kila jaribio lijibu swali moja dogo na kuzaa kubwa zaidi. Aliyeokota ubuyu anaumega, anakuta unga mweupe mzuri, anaula, analala usiku mzima akisubiri kufa. Asubuhi yupo hai. Wenzake wanasema sumu yake ni ya polepole.

Kosa la kawaida ni kurudia jaribio lenye uzito uleule. Ikiwa sura ya nne wamekimbia na sura ya sita wamekimbia vilevile, moja iondoke. Kosa lingine ni kumfanya jirani awe ametulia wakati wote. Naye afanye kitu: baada ya jaribio la nne, asubuhi mpira ukutwe umewekwa juu ya jiwe nje ya ua, umefungwa upya kwa kamba ya katani. Watoto wanagombana kama uguswe au uchomwe moto. Wauchome. Inauma, na inapaswa kuuma.

## Hatua ya 6: Geuza, kwa vitu vilevile

Weka mgeuko kwenye theluthi ya pili, karibu na neno la 40,000, usiusubirishe hadi mwisho. Na utoke kwenye ramani yako.

Mtoto anapenya uani kwa jaribio la tano. Tawi la mnyaa linavunjika, utomvu unamrukia jichoni. Anaungua, hawezi kufumbua. Anayemsikia ni mwenye nyumba.

"Usifikiche! Acha mkono. Acha, mjukuu wangu."

Anamlaza chali na kumwagia maji ya dumu usoni, taratibu, bila kukatisha, kwa robo saa na zaidi. Hivyo ndivyo utomvu wa minyaa unavyopaswa kushughulikiwa kabla ya kwenda hospitali: maji safi, mengi, muda mrefu, na jicho lisifikichwe. Dumu la lita 20 linakwisha. Ni maji yake ya siku nzima, na msomaji ameshaoneshwa bomba lilivyo mbali.

Tofauti ya tukio hili na malaika wa sura ya mwisho ni nini? Bibi hafanyi muujiza. Anafanya ambalo mzee yeyote mwenye maji angefanya. Anakasirika kuhusu ua wake. Hafi. Na mtoto, kwa saa chache, amekuwa kama yeye: amekaa kwenye chumba chenye giza, amefunika uso, anaomba mlango usifunguliwe kwa sababu mwanga unamchoma. Hakuna anayemweleza trakoma ni nini. Anajifunza kwa jicho lake.

Kwa lile lisilofunikwa anaona kibano juu ya meza. Kuna kibakuli pia. Ni cha plastiki, hakina maua.

Shikamoo itokee hapa, ya kwanza iliyojibiwa. Ukitaka lugha ya nyumbani isikike, bibi anaweza kuitikia kisha akaongeza "mbukwa", salamu ya Kigogo. Neno moja mahali pake linatosha; ukijaza ukurasa kwa Kigogo cha kubahatisha, Wagogo ndio watakaolifunga kitabu kwanza.

Kisha uvumi ugeuke na kuwa hatari. Nje wenzake wamekimbia wakipiga kelele kwamba Bibi Magharibi amemtoa fulani jicho. Sasa ni watu wazima wanaokuja, na jua linazama. Kilele cha riwaya ni mtoto mwenye jicho jekundu kusimama mlangoni na kusema alichokiona, kwa mpangilio, mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Asihutubie. Aseme minyaa, maji, dumu. Mtu mzima mmoja aulize "dumu lipi?", naye alioneshe.

Onyo. Baada ya hapo usiwafanye wote kuwa marafiki. Wengine wataendelea kuogopa, na mama yule wa "nitamwita akuchukue" atabadilisha jina tu. Mtoto mmoja anayepeleka dumu la maji kila Jumamosi anatosha.

## Hatua ya 7: Sahihisha kwa sikio

Soma mkasa wote kwa sauti, matukio yote mfululizo. Kwa kalamu nyekundu zungushia kila "ajabu", "kutisha" na "giza totoro". Yakizidi matatu katika mkasa mzima, futa yaliyozidi na uweke kitu kinachoonekana. Kila neno ambalo mtoto wa miaka tisa hawezi kulisema liondoke kinywani mwake.

Mpe mtu mmoja sura tatu za mwanzo, halafu muulize kibakuli kilikuwa cha aina gani. Akikumbuka maua, uvumi umekaa.

Mwisho, chukua kila tukio lenye Bibi Magharibi na uliandike upya kwa nusu ukurasa ukiwa ndani ya nyumba yake: anasikia nini njiani, dumu limebaki na maji kiasi gani, kope zimeota kwa siku ngapi. Nusu kurasa hizi hazitaingia kwenye kitabu. Ukifika tukio ambalo hana la kufanya isipokuwa kungoja watoto wamwogope, rudi Hatua ya 1 na uandike upya saa hiyo ya siku yake.